Ndege Mbili, Rubani Mmoja: Ajali ya Brocklesby, 1940

Ndege yenye rubani haikuwa na injini. Yenye injini haikuwa na rubani. Ndivyo mambo yalivyokuwa siku ya Jumapili, tarehe 29 Septemba 1940, juu ya Brocklesby, mji mdogo wa wakulima kusini mwa jimbo la New South Wales nchini Australia. Ndege mbili za mafunzo za aina ya Avro Anson zilikuwa zimegongana, na badala ya kutawanyika vipande vipande zikanasana, moja ikiwa imebebwa mgongoni na nyingine. Ile ya juu injini zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Ile ya chini injini zake zilikuwa zikinguruma kwa nguvu zote, lakini aliyekuwa akiiendesha alikuwa ameshajitupa nje kwa parachuti huku ameumia mgongo. Aliyebaki alikuwa kijana wa miaka 22 ndani ya ndege ya juu, mwanafunzi ambaye hata kozi yake hajaimaliza, na mikononi mwake alikuwa na chombo ambacho hakuna mhandisi aliyewahi kukichora.

Jina lake lilikuwa Leonard Graham Fuller, na kwao ni Cootamundra, mji wa jimbo hilohilo.

Mwaka ule Uingereza ilikuwa na njaa ya marubani. Tangu tarehe 7 Septemba London ilikuwa ikipigwa mabomu usiku baada ya usiku, na wakuu wa jeshi la anga walikuwa wakihesabu ndege zilizobaki na vijana wa kuzirusha. Tatizo hilo walikuwa wameliona mapema. Tarehe 17 Desemba 1939, mjini Ottawa, Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand zilitia saini mkataba wa kufundisha wanaanga kwa maelfu mbali na vita, kwenye nchi zenye anga pana, hali ya hewa nzuri na zisizofikiwa na ndege za Ujerumani. Mafunzo ya aina hiyo yalifika hadi Afrika: Mei 1940 shule za kwanza zilifunguliwa Rhodesia Kusini, ndiyo Zimbabwe ya leo, na baadhi ya Waaustralia walipelekwa kujifunzia huko.

Australia yenyewe iliahidi wanaanga 28,000 katika miaka mitatu. Hiyo ni asilimia 36 ya wote waliohitajika chini ya mkataba. Ahadi hiyo ilitolewa na nchi ambayo jeshi lake zima la anga, vita vilipoanza, halikufikisha watu 4,000, ukihesabu maofisa, mafundi na makarani pamoja. Kutoka hapo ikabidi kujenga kila kitu kwa haraka: viwanja, mabweni, karakana, na walimu wenyewe. Kijana alianza darasani, akaingia shule ya awali kurusha ndege ndogo ya Tiger Moth yenye mabawa ya ghorofa, kisha akapanda shule ya tatu, ambako alikabidhiwa ndege nzito zaidi. Mojawapo ya shule hizo za tatu, Shule Nambari 2, ilifunguliwa Julai 1940 huko Forest Hill, karibu na mji wa Wagga Wagga. Ajali hii ilipotokea, shule hiyo haikuwa imetimiza hata miezi mitatu.

Na nchi ilikuwa bado katika matanga. Tarehe 13 Agosti, majuma saba tu kabla, ndege ya kijeshi aina ya Lockheed Hudson ilianguka karibu na uwanja wa Canberra na kuua watu wote kumi waliokuwamo. Miongoni mwao walikuwamo mawaziri watatu pamoja na Mkuu wa Majeshi ya Ardhini, Jenerali Brudenell White. Mmoja wa mawaziri hao, James Fairbairn, ndiye aliyeshika wizara ya anga, na ndiye aliyekwenda Ottawa kuiwakilisha Australia kwenye mkataba ule wa mafunzo. Kwa hiyo habari ya ndege mbili za jeshi kugongana ilikuwa inawafikia watu ambao machozi yao hayajakauka.

Anson haikuwa ndege ya kutisha. Iliingia kazini Uingereza mwaka 1936 kama ndege ya doria ya pwani, ikiwa ya kwanza ya bawa moja yenye magurudumu ya kukunjwa katika jeshi la anga la nchi hiyo. Kuyakunja kwenyewe kulikuwa adhabu: mtu aliketi akizungusha mkono wa chuma zaidi ya mara 140 mpaka magurudumu yapande, na hata yakishapanda, sehemu yake ilibaki imechungulia nje chini ya injini. Wengi waliotua kwa tumbo waliushukuru upungufu huo. Mabawa yalikuwa ya mbao, yenye upana wa mita 17 kutoka ncha hadi ncha. Kiwiliwili kilikuwa mabomba ya chuma yaliyovikwa kitambaa. Injini zilikuwa mbili, za aina ya Cheetah, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 350. Mgongoni, nyuma kidogo ya mabawa, palijitokeza kibanda cha mviringo cha mpiga bunduki. Tutakirudia kibanda hicho, kwa kuwa ndicho kilichoamua mengi siku ile. Ilipopitwa na wakati kwa vita, Anson ikageuka mwalimu. Zilitengenezwa takriban 11,000, na marubani wa Uingereza waliipenda kwa utiifu wake wakaipa jina la kike, Annie.

Asubuhi ya ajali kazi ilikuwa ya kawaida kabisa: safari ya kujifunza kuvuka nchi kwa ramani na dira. Kutoka Forest Hill wangekwenda Corowa, kwenye mto Murray, kisha Narrandera, halafu warudi nyumbani. Ndege moja, yenye namba N4876, ilirushwa na Fuller, na mwelekezi wake wa njia alikuwa Ian Menzies Sinclair, miaka 27, wa Glen Innes. Ya pili, L9162, ilikuwa mikononi mwa Jack Inglis Hewson wa Newcastle. Huyu ndiye alikuwa mdogo wao, miaka 19 tu. Aliyemwelekeza njia alikuwa Hugh Gavin Fraser wa Melbourne, naye pia miaka 27. Wote wanne walikuwa na cheo kimoja cha chini, kile cha mwanafunzi aliyevuka hatua za mwanzo lakini bado hajavaa beji ya mabawa.

Walipofika juu ya Brocklesby walikuwa mita 300 hivi kutoka ardhini. Huo ni urefu mdogo. Wakaanza kupinda kona, mabawa yamelala upande, na katika kupinda huko Fuller akampoteza Hewson machoni. Rubani aliye juu haoni kilicho chini ya sakafu yake. Aliye chini, mwenye paa juu ya kichwa, naye haoni vizuri kilicho juu yake. Kilichofuata ni kishindo cha chuma kusaga chuma. Pangaboi za ndege moja zilikutana na za nyingine na kung'ata vifuniko vya injini.

Hapa ndipo hesabu ya kawaida ilipoharibika. Ndege zikigongana angani, mara nyingi bawa hukatika au mkia hung'oka, na pande zote mbili huanguka. Safari hii kibanda cha mpiga bunduki cha ndege ya Hewson kilipenya na kukwama kwenye shina la bawa la kushoto la ndege ya Fuller, pale bawa linapoungana na kiwiliwili. Wakati huohuo, huko nyuma, pezi la mkia la ndege ya chini pamoja na usukani wake vililibeba bawa dogo la mkiani la ndege ya juu. Kwa hiyo zilishikana mahali pawili, katikati na mkiani. Kama zingeshikana mahali pamoja tu, moja ingezunguka juu ya nyingine na kuchomoka. Mahali pawili pakatosha kuzifanya mwili mmoja wenye mabawa manne.

Mwili huo ukaanza kuzunguka taratibu angani.

Ndani ya ndege ya chini hali ilikuwa mbaya. Pangaboi zilizokuwa zikizunguka zilikuwa zimekata kitambaa na mabomba ya kiwiliwili, zikamjeruhi Hewson mgongoni. Waelekezi wa njia, Sinclair kutoka juu na Fraser kutoka chini, waliruka kwa parachuti kwanza. Muda mfupi baadaye Hewson naye akaruka na jeraha lake. Mita 300 ni kimo kidogo mno kwa mtu anayeutegemea mwavuli wa hariri ufunguke kwa wakati, lakini wote watatu walifika chini wakiwa hai. Kwa kijana wa miaka 19 aliyechanwa mgongo, kujikokota hadi mlangoni mwa ndege inayozunguka ovyo na kujirusha si jambo dogo. Masimulizi mengi ya ajali hii yanampita Hewson haraka kwa kuwa macho yote yanamtazama Fuller, na hapo yanamdhulumu.

Fuller alibaki. Aligundua kwamba usukani bado unamtii kiasi. Zile kingo zinazochezeka nyuma ya mabawa, ambazo rubani huzitumia kuilaza ndege upande na kupunguza mwendo wa kutua, zilikuwa zikifanya kazi. Nguvu ya kusonga mbele ilitoka chini yake, kwenye injini mbili ambazo mikono yake haikuzifikia: Hewson aliziacha zikivuta kwa nguvu zote, na Fuller hakuwa na namna ya kuziongeza wala kuzipunguza kutoka alipoketi. Nguvu za farasi 700 zilizokusudiwa kubeba Anson moja zilikuwa sasa zinabeba mbili. Kilichokuwa chake ni mwelekeo tu.

Akautumia. Alikwenda kilomita 8 tangu mahali pa kugongana, mwendo wa dakika chache tu kwa Anson, akiuacha mji nyuma na kutafuta ardhi iliyo wazi. Akaliona konde kubwa la malisho kilomita 6 kusini-magharibi mwa Brocklesby, karibu na nyumba ya mkulima. Akazunguka mara kadhaa kulipima, akageuka kuukabili upepo, akashuka. Tumbo la L9162 liligusa nyasi kwanza, likiwa limeibeba N4876 mgongoni, na zote mbili zikateleza mita 180 hivi kabla ya kusimama. Hazikupinduka wala hazikuwaka moto. Picha zilizopigwa shambani zinaonyesha jambo ambalo macho hulikataa mwanzoni: Anson nzima, pua juu ya pua na mkia juu ya mkia, imekaa juu ya Anson nyingine. Fuller alisema baadaye kwamba kutua huko kulikuwa kuzuri kuliko alivyokuwa akitua siku iliyotangulia, alipokuwa akifanya mazoezi ya kupaa na kushuka pale Forest Hill.

Ajali haina kinga, husema wahenga. Lakini jeshi lilikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta sababu za ajali, na akaruka mara moja kutoka makao makuu Melbourne kwenda kuona kwa macho. Alikuwa Arthur Murphy, mkaguzi wa ajali za anga. Mwaka 1919, pamoja na Henry Wrigley, alikuwa amefanya safari ya kwanza ya ndege kulivuka bara la Australia, kutoka Melbourne hadi Darwin. Aliandamana na msaidizi wake Henry Winneke, mwanasheria ambaye miaka mingi baadaye angekuwa jaji mkuu na kisha gavana wa jimbo la Victoria. Wakaguzi wawili wa namna hiyo hawadanganyiki kwa hadithi tamu.

Maelezo aliyowapa Fuller ndiyo, kwa maoni ya mwandishi huyu, kiini cha tukio zima. Hakudai ujasiri wala hakutaja bahati. Alisema, kwa ufupi, kwamba alifanya kila walichofundishwa kufanya inapobidi kutua kwa dharura: tua karibu na makazi ya watu au nyumba ya shamba, na ikiwezekana tua ukiukabili upepo. Nyumba ile pale, akawaonyesha, mizunguko nimefanya, upepo nimeukabili. Akaongeza tu kwamba usukani ulikuwa mzito kidogo. Naye Cooper, aliyekaimu ukuu wa shule, alisifu mahali palipochaguliwa na namna ndege zilivyoletwa chini.

Watu wameliita tukio hilo muujiza tangu siku ile, na mtu anaelewa kwa nini. Hata hivyo, muujiza ulikuwa kule kunasana kwa ndege. Kutua kulikuwa somo. Mwanafunzi alikuta mtihani usiokuwa kwenye kitabu chochote, akaujibu kwa kurudia hatua kwa hatua kile mwalimu alichokisema darasani, kwa utaratibu uleule ambao angeutumia kama injini moja ya Tiger Moth ingezimika. Shule iliyokuwa bado na rangi mbichi ukutani ilikuwa imemfundisha vizuri.

Magazeti yalilishika jambo hilo kwa mikono miwili. Picha zikazunguka dunia, na Brocklesby, mahali ambapo wengi hata Sydney hawakupajua, pakatajwa nchi za mbali. Fuller alihesabiwa kuwa ameuepusha mji na maafa na kuokoa mali ya jeshi yenye thamani ya takriban pauni 40,000. Akapandishwa cheo kuwa sajini. Akaadhibiwa pia. Alikuwa amezungumza na waandishi wa habari bila idhini, hivyo akazuiliwa kambini siku 14 na kukatwa mshahara wa siku 7. Vita ni vita, na jeshi lina haki ya kulinda habari zake. Bado ni vigumu kumkasirikia kijana aliyetoka kwenye jambo kama lile kisha akaulizwa lilikuwaje, akajibu. Bodi ya Anga ya Australia nayo ikampa pongezi rasmi kwa utulivu wa akili, ujasiri na uthabiti wake.

Ndege zenyewe zilikarabatiwa. Ile ya juu, N4876, ilirudi angani. Ya chini, L9162, haikurushwa tena, ikawa ya kufundishia mafundi ardhini.

Hewson alitibiwa hospitali ya Albury, akarudi shuleni, na Oktoba hiyohiyo akahitimu, sawa na Fuller. Alitumikia vita vyote na kuachiwa mwaka 1946 akiwa ofisa. Sinclair alikuwa ameachiwa mwaka uliotangulia, naye kwa cheo hichohicho.

Fraser alipelekwa Uingereza, katika Kikosi Nambari 206 kilichokuwa Aldergrove, Ireland ya Kaskazini. Tarehe 1 Januari 1942, siku ya mwaka mpya, alitoka kwa safari ya mazoezi ya kawaida katika ndege aina ya Hudson. Ndege iligonga mti. Alikufa yeye na wenzake watatu. Adui hakuwapo, ilikuwa mafunzo, kama juu ya Brocklesby.

Vifo vya namna hiyo vilikuwa vingi kuliko kumbukumbu za vita zinavyokubali kusema. Kikosi cha mabomu cha Uingereza peke yake kilipoteza watu zaidi ya 55,000, na hao hutajwa kila mwaka. Wasiotajwa sana ni zaidi ya 5,000 wa jeshi la anga la Uingereza waliokufa katika ajali za mafunzo, 856 waliokufa katika mpango wa mafunzo huko Kanada, na karibu 15,000 wa Marekani waliokufa ndani ya nchi yao wenyewe kabla hawajaiona bahari ya kuvukia kwenda vitani. Mama aliyeletewa telegramu kutoka kambi ya mafunzo alilia kama yule aliyeletewa kutoka uwanja wa mapambano, ila jirani hakujua amwambie mwanawe alikufa akipigana na nani.

Fuller alikwenda vitani hasa. Alirusha ndege za mabomu Mashariki ya Kati na kisha Ulaya, na Kikosi Nambari 37 cha Uingereza. Kwa aliyoyafanya juu ya Palermo, kisiwani Sicily, Machi 1942, alitunukiwa nishani ya Distinguished Flying Medal. Mwaka huohuo akapewa uofisa, akarudishwa Australia na kuwa mwalimu katika kituo cha mafunzo ya vita huko Sale, Victoria. Wanafunzi wake wa Sale waliandaliwa kwa ndege aina ya Beaufort, ndege iliyokuwa imejipatia sifa mbaya kwa kuanguka bila sababu kujulikana.

Kwa hiyo Fuller alikuwa amerudi palepale alipoanzia, kwenye mafunzo, safari hii akiwa upande wa mwalimu. Tarehe 18 Machi 1944 alikuwa akiendesha baiskeli karibu na Sale, akagongwa na basi na kufa. Alikuwa na miaka ishirini na kitu.

Brocklesby haikumsahau. Mwaka 1990, miaka hamsini baada ya ajali, wakazi waliweka kumbukumbu ya tukio hilo, iliyozinduliwa na mbunge wa eneo hilo, Tim Fischer. Mwaka 2007 ikaongezwa injini ya Avro Anson, iliyowekwa hadharani ili wapitao waione.